Mabingwa Waliozikwa: Rekodi Tisa za Mabomba Yaliyovalishwa Plastiki

Chini ya lami ya kila mji mkubwa kuna mashindano yasiyo na watazamaji. Bomba kuukuu limetoboka, na juu yake kuna barabara, maduka, nyaya za umeme na nyumba za watu. Zamani dawa ilikuwa moja tu: sururu, koleo, foleni ya magari na vumbi la wiki nzima. Leo mafundi huingiza bomba la plastiki ndani ya lile bovu, hulipasha moto mpaka lilainike, hulijaza mvuke au hewa mpaka livimbe na kubana kuta za bomba mama, kisha hulipoza likiwa limebana hivyo hivyo. Bomba jipya linazaliwa ndani ya la zamani, na lami inabaki salama isipokuwa kwenye chemba mbili za kuingilia na kutokea.

Kazi hii ya kulitia bomba bitana ya plastiki ina rekodi zake, na ni rekodi za kutamba nazo. Tunaanza na ya tisa, tunapanda hadi ya kwanza.

9. Joto la ushindi: nyuzi 80

Plastiki ya PVC, ile ile ya mabomba yanayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, huanza kulegea kwenye nyuzi joto 80 hivi za Selsiasi. Mtu aliyefika kilele cha Uhuru pale Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, akainjika sufuria ya maji, ataona yakichemka kwenye nyuzi hizo hizo 80 au kidogo juu yake. Kwa hiyo maji yanayotokota kileleni Kilimanjaro yana moto wa kutosha kumlainisha bingwa wetu.

Ufundi wenyewe una namna mbili. Katika ya kwanza, kiwanda hulikunja bomba la plastiki kwa urefu wake, umbo la herufi U, na kulizungusha kwenye roda kubwa. Likifika kazini hupashwa moto, huvutwa kwa winchi kutoka chemba hadi chemba, ncha zake huzibwa, mvuke huingizwa, na lile bomba lililokunjwa hurudia umbo lake la mviringo. Poliethilini hufanyiwa hivyo, na PVC pia. Katika namna ya pili bomba halikunjwi. Vipande vya PVC vyembamba kuliko bomba mama huunganishwa kwa moto ncha kwa ncha, mnyororo mzima huvutwa ndani, kisha joto na shinikizo huutanua mpaka uguse kuta. Namna hii ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu plastiki ikitanuliwa hivyo molekuli zake hujipanga kuufuata mzunguko wa bomba, na nguvu yake ya kuhimili shinikizo la maji huongezeka. Inavutwa, inapanuliwa, na inatoka imara kuliko ilivyoingia!

8. Mwendo wa konokono, mshindi wa mbio

Bitana nyingine hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini, gundi ya majimaji inayogeuka ngumu, na hukaushwa kwa taa za miali ya urujuanimno zinazoburutwa ndani ya bomba. Kasi yake ya kawaida ni takriban mita moja kwa dakika, na konokono wa bustani hutambaa karibu hivyo hivyo. Sasa ipime kwa mbio zetu wenyewe. Kelvin Kiptum wa Kenya alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago mwaka 2023, alikata kilomita 42.195 kwa saa 2 na sekunde 35. Katika muda huo taa yetu ingekuwa imekwenda mita 120 tu.

Mita 120, hata hivyo, ni uwanja mzima wa mpira na mita 15 juu yake. Tafuta kikosi cha sururu kitakachofukua urefu huo chini ya barabara ya katikati ya mji, kitoe bomba bovu, kilaze jipya, kifukie na kurudisha lami, yote kwa saa mbili. Hakipo.

7. Jembamba linalobeba zaidi

Hapa ndipo wengi hubisha. Bomba likivalishwa bitana, tundu lake linapungua. Litabebaje maji yale yale? Jibu lina jina la Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyetoa mwaka 1889 kanuni ya mwendo wa maji ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo. Mwendo wa maji hautegemei upana peke yake. Ukwaruzo wa kuta nao una neno.

Chukua bomba la zege la milimita 300. Ukwaruzo wake kwa hesabu za Manning ni 0.013. Livalishe bitana ya plastiki ya unene wa milimita 6, nyembamba kuliko penseli, yenye ukwaruzo wa 0.010. Kipenyo kinashuka hadi milimita 288. Piga hesabu kwa mteremko ule ule: bomba jipya linapitisha karibu asilimia 17 zaidi. Kama lilitosha mtaa wa watu 10,000, sasa linatosha watu karibu 11,700, bila mtu kugusa koleo.

6. Safari ya baridi kuliko zote

Bitana ya rezini huiva kwa moto, kwa hiyo adui yake njiani ni joto. Ikishalowa rezini inaanza kuhesabu saa zake, na jua likiipiga ndani ya lori inaweza kugandia humo humo, hasara tupu. Ndiyo maana husafirishwa ndani ya lori la jokofu au ikiwa imezikwa kwenye barafu, ikiteremshwa baridi na kuingia moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 80.

Ufundi huu wa rezini una upande wake mchungu, na haufai kufichwa. Rezini nyingi za kazi hii zina kemikali iitwayo staireni, na mvuke ukitumika kuivisha bitana, wingu jeupe hutoka kwenye chemba. Kwa miaka mingi wapita njia waliambiwa ni mvuke wa maji tu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza matokeo ya kulipima wingu lile kazini, katika majimbo ya Indiana na California, na wakakuta ndani yake staireni pamoja na kemikali nyingine. Kwa hiyo katika kipengele cha usafi, nishani naipa PVC na poliethilini zinazotanuliwa kwa joto, kwa kuwa hazina rezini ya kuiva. Na fundi anayesimama juu ya chemba ya rezini anastahili barakoa ya kweli, si kitambaa puani.

5. Kubwa kuliko zote: Hiace inapita!

Bitana za rezini huanzia kwenye mabomba ya kipenyo cha milimita 100, ambamo ngumi ya mtu mzima inaingia kwa shida, na kufikia mita 2.8. Mita 2.8 ni upana gani? Toyota Hiace ya paa la kawaida, ile iliyobeba nusu ya Afrika Mashariki mgongoni kwake, ina upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 1.98. Kutoka kona yake ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia ni mita 2.6. Inaingia ndani ya bomba hilo na kubakiza nafasi ya kiganja kila upande. Coaster, yenye upana wa mita 2.08 na kimo cha kama mita 2.6, inakwama mlangoni.

Bitana ya ukubwa huo haivutwi kirahisi. Hupinduliwa kama mkono wa kanzu. Mdomo wake hufungwa juu ya mnara wa vyuma uliosimamishwa juu ya chemba, maji humiminwa ndani yake, na uzito wa maji peke yake huisukuma mbele huku ikijigeuza, upande wenye rezini ukitokea nje na kushika ukuta. Kisha maji yale yale hupashwa moto na boila mpaka bitana iive.

4. Upasuaji mdogo kuliko wote

Bomba likishavalishwa, kila nyumba iliyounganishwa nalo imezibwa. Maji machafu ya jikoni na chooni hayana pa kwenda. Kwa hiyo siku ya kazi wakazi huombwa wasifungulie maji, na saa huanza kuhesabiwa.

Sogea karibu uone kinachofanyika. Ndani ya gari lililoegeshwa kando ya chemba ameketi fundi mbele ya skrini, mikono juu ya vifimbo vya kuongozea. Chini yake, ndani ya bomba la milimita 200, roboti yenye magurudumu, kamera na msumeno wa kuzunguka inasonga gizani. Fundi anatafuta vibonyeo. Plastiki ilipolainika na kusukumwa, ilibana ukuta kila mahali, ila pale penye tundu la nyumba ilibonyea kidogo kuingia tunduni, na kibonyeo hicho ndicho alama yake. Anasimamisha roboti, anainua msumeno, anatoboa katikati, anazungusha polepole mpaka tundu liwe duara safi. Akikosea kwa sentimita chache, amelitoboa bomba jipya mahali pasipotakiwa. Akipatia, nyumba moja imepona, na roboti inasonga kwenye inayofuata.

Si kila mgonjwa anapasuliwa hivi. Bomba lililobomoka kabisa na kujaa udongo halipitishi bitana wala roboti. Hilo bado linafukuliwa.

3. Kiu kuu kuliko zote

Hapa ndipo tarakimu zinapotisha, na hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo.

Tuanze London. Kampuni ya Thames Water, inayohudumia London na bonde la mto Thames, ilivujisha takriban lita milioni 600 za maji safi kwa siku katika mwaka wa hesabu 2022/23. Linganisha na Dar es Salaam: mtambo wake wa Ruvu Chini una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu lita milioni 196. Jumla ni milioni 466. Maana yake, mabomba ya kampuni moja Uingereza yalimwaga ardhini kila siku maji mengi kuliko yote ambayo mitambo miwili mikuu ya Dar es Salaam inaweza kuzalisha!

Yagawe maji hayo kwa wakazi wa Dar es Salaam waliohesabiwa katika sensa ya 2022, watu milioni 5.38. Kila mmoja, hata kichanga, anapata madumu matano na nusu ya lita 20. Yapakie kwenye maboza ya lita 10,000 na utahitaji maboza 60,000, yaani boza moja kwa kila kiti cha Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kila siku.

Marekani inapanda juu zaidi. Chama cha wahandisi wa ujenzi cha nchi hiyo kilikadiria mwaka 2021 kwamba mabomba ya maji safi yana urefu wa maili milioni 2.2, sawa na kilomita milioni 3.5, yaani umbali wa kwenda mwezini mara tisa. Kikakadiria kwamba galoni bilioni 6 za maji yaliyokwisha kusafishwa hupotea kwa siku, sawa na uzalishaji wa Ruvu zote mbili karibu mara 49, na kwamba bomba kuu moja hupasuka kila baada ya dakika mbili. Katika dakika 90 za mechi ya Simba na Yanga, Marekani inapasukiwa na mabomba 45, bila kuhesabu mapumziko.

Kwa dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yanasema maji yasiyoingiza mapato, yaani yanayovuja pamoja na yanayoibwa na yasiyosomwa vizuri na mita, ni mita za ujazo milioni 346 kwa siku. Hayo ni zaidi ya madumu mawili kwa kila binadamu aliye hai. Kwa mwaka ni mita za ujazo bilioni 126, karibu mara nne ya ujazo wa bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji. Katika rekodi zote za orodha hii, hii ndiyo moja ninayotaka kuiona ikivunjwa kwenda chini.

Yupo mvujaji mmoja aliyeishinda plastiki. Mfereji wa Delaware unaolipa jiji la New York karibu nusu ya maji yake una urefu wa kilomita 137 na ni njia ya chini ya ardhi ndefu kuliko zote duniani. Ukitoka nao Dar es Salaam utaipita Chalinze na bado hujaumaliza. Uvujaji wake ulifikia galoni milioni 35 kwa siku, karibu nusu ya uwezo wa Ruvu Chini. Bitana ya plastiki haikutosha mgonjwa wa kimo hicho. Ikabidi ichimbwe njia mpya ya kilomita 4 ya kuzunguka sehemu mbovu, mita 180 hivi chini ya mto Hudson. Ukiizika Times Tower ya Nairobi, yenye mita 140, haifiki huko.

2. Wazee kuliko wote

Mabomba yanayovalishwa plastiki ni wazee, na wazee wana mashindano yao ya umri.

Mabomba ya chuma cha kusubu yaliyolazwa Versailles, Ufaransa, enzi za Mfalme Louis wa 14, yalifanya kazi kwa zaidi ya miaka 300. Waomani walipoiteka Fort Jesus kutoka kwa Wareno mwaka 1698, mabomba hayo yalikuwa kazini tayari.

London nayo ina jeshi lake. Mwaka 1858 uvundo wa mto Thames ulilibana Bunge mpaka likatoa fedha, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu ya maji taka kuanzia 1859 hadi 1875. Ilimeza matofali milioni 318. Ukimgawia kila mkazi wa Dar es Salaam wa sensa ya 2022, anaondoka na matofali 59. Katika karne hiyo hiyo ya 19 Sultani Barghash aliuletea Mji Mkongwe wa Zanzibar maji ya mfereji kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, kazi ambayo Zanzibar ina haki ya kuiweka mbele ya London yoyote.

Na bingwa wa umri ni Cloaca Maxima, mfereji mkuu wa maji machafu wa Roma, uliojengwa karne ya 6 kabla ya Kristo. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulipowekewa msingi, karne ya 11, mfereji huo ulikuwa na zaidi ya miaka 1,500. Sehemu yake bado inapitisha maji ya mvua.

1. Baba wa bitana zote: mita 70 za Hackney

Nafasi ya kwanza haiendi kwa kubwa wala kwa refu. Inakwenda kwa kipande kifupi cha mfereji wa Brick Lane, Hackney, mashariki mwa London. Mwaka 1971 Mwingereza Eric Wood alichukua kitambaa kizito kilicholoweshwa rezini, akakivuta ndani ya mfereji wa matofali wenye umbo la yai, kimo mita 1.17 na upana mita 0.61, akakijaza hewa mpaka kikabana kuta, kikagandia hapo. Urefu wake ulikuwa mita 70: Coaster kumi zilizopangwa pua kwa mkia, au theluthi mbili za uwanja wa mpira.

Mwaka ule ule wa 1971, klabu iliyokuwa ikiitwa Sunderland pale Dar es Salaam ilichukua jina la Simba. Bitana ya Hackney ni rika ya jina hilo.

Je, ilidumu? Mwaka 1991, baada ya miaka 20 ya kupitisha uchafu wa London, vipande vilikatwa na kupimwa, vikakutwa imara. Marekani nayo ilifanya mtihani wake. Wakala wa mazingira wa serikali ulichunguza bitana zilizokuwa kazini miji ya Denver na Columbus, na ripoti ya mwaka 2012 ikatoa hukumu: hata ile ya Denver yenye umri wa miaka 25 ilikuwa katika hali nzuri, na matarajio ya kudumu miaka 50 yalionekana kuwa na msingi.

Wood alipewa hataza ya Marekani tarehe 22 Februari 1977. Muda wake ulikwisha 1994, na tangu hapo ufundi ule hauna mwenyewe: yeyote mwenye winchi, boila, kamera na mafundi waliofunzwa anaweza kuufanya. Wahandisi wa maji wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Zanzibar, kabla ya kusaini zabuni nyingine ya kufukua barabara, pitisheni kwanza kamera ndani ya bomba. Kama bado lina umbo lake, livalisheni.